Takwa nayo itajwe

Makala yenu kuhusu makumbusho ya Lamu imeieleza vizuri ngome iliyokamilika 1821, lakini imeipita Takwa, magofu ya mji wa kale, bila kuitaja, na hilo limenisikitisha sana. Magofu hayo yako kisiwani Manda, na kwa kuwa mashua hupita katika mkondo wenye mikoko pande zote, ni lazima safari ipangwe kwa kufuata maji kujaa, maana yakitoka chombo hukwama topeni. Nje ya ukuta wa mji huo lipo kaburi lenye mnara, ambalo watu wa kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Aidha, anayeingia Makumbusho ya Lamu asiharakishe, bali asimame mbele ya siwa ya kisiwa cha Pate, baragumu la pembe ya ndovu lililopulizwa ubavuni, azitazame nakshi zake kwa karibu.