Badilisheni Kazi ya Ukumbi, Msiwafungie Watu Mlango

Anayegeuza ukumbi wa zamani kuwa duka sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na kufuli. Nalitanguliza hili kwa sababu hapa Tabora maneno ya majengo ya kale huwagawa watu pande mbili: wapo wanaotaka kila kitu kibaki kama enzi za babu zetu, na wapo wanaokiona kiwanja tu, tayari wanahesabu fremu zitakazotoka humo. Reli ya SGR inajengwa kutoka Makutupora kuja huku kwetu. Ikifika, kila jengo lililo karibu na katikati ya mji litatolewa macho.

Kumbi za maonyesho hazijawahi kuwa na kazi moja. Tazameni ukumbi wa Majestic wa Zanzibar, pale Vuga. Ulifunguliwa mwaka 1921 kwa jina la Royal, mchoro ukiwa wa John Sinclair, ofisa Mwingereza aliyeacha mkono wake kwenye majengo kadhaa ya Mji Mkongwe. Ulijengwa kwa sinema na kwa maigizo. Moto ukauteketeza mwaka 1953. Miaka miwili baadaye pakasimama ukumbi mwingine kabisa, umbo jipya na jina jipya, na watu wakajaa kuangalia picha za Kihindi, za Misri na za Marekani. Ikaja televisheni Zanzibar miaka ya 1970, ikafuata mikanda ya video, watazamaji wakapungua na jengo likaanza kuchakaa. Lakini wapenzi wa sanaa hawakuutupa. Wameendelea kuupigania ukarabatiwe, uwe nyumba ya utamaduni. Naamini jengo lililokwisha kubadilika mara moja baada ya moto linaweza kubadilika tena.

Huku Bara mambo yalikwenda kwa njia yake. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na kumbi nyingi za sinema zikaingia humo. Kuanzia hapo mwendesha sinema akawa mpangaji, na mpangaji hakazani kuezeka paa lisilo lake. Video ilipoingia mitaani, na baadaye vituo vya televisheni mwaka 1994, kumbi zilikuwa zimekwisha kuchoka. Nyingine zikawa makanisa, nyingine maduka, nyingine maghala. Kanisa silinung'unikii hata kidogo: watu wanaimba humo, wanasikilizana, jukwaa linapata wa kulisimamia. Ghala ndilo linaloniuma. Ukumbi uliojengwa kupokea mamia ya watu unabaki na mlinzi mmoja na magunia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali, Buenos Aires, Argentina. Teatro Grand Splendid ulifunguliwa mwaka 1919, ukiwa na nafasi ya watu wapatao 1,050 na dari iliyochorwa na Nazareno Orlandi. Ukapita maigizo, ukapita tango, ukageuka sinema. Mwaka 2000 ukawa duka la vitabu. Duka, ndiyo, la kibiashara! Ila aliyeligeuza aliacha roshani, aliacha mapazia, aliacha dari. Vyumba vidogo vya watazamaji wa heshima vimekuwa mahali pa kuketi na kusoma, na jukwaani kuna mkahawa. Mtu asiye na senti ya kununua kitabu anaingia bado, anainua macho, anaona kile alichokiona mtazamaji wa mwaka 1919. Mwenye duka anapata faida yake na mji haujanyang'anywa chochote.

Tabora ina sababu za kulijali hili kuliko miji mingi. Januari 1958 TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu, na ndani ya ukumbi Mwalimu Nyerere akawashawishi wajumbe wakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, jambo ambalo wengi walikuwa wakilipinga kwa moyo wote. Watu wazima walikaa chini ya paa moja wakabishana hadi wakafikia neno. Kisha kuna muziki. Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz ya Shem Karenga na mtindo wao wa Segere Matata, hawa wote walipikwa kwenye kumbi za dansi, mbele ya wachezaji wanaoonyesha papo hapo kama wimbo umewakolea au haujawakolea. Leo kijana wa Isevya au Ng'ambo mwenye kikundi cha maigizo anafanyia mazoezi chini ya mwembe, na mvua ikinyesha mazoezi yamekwisha. Kumbi za harusi zipo, tena nzuri, lakini bei yake ni ya harusi.

Ninachoomba Manispaa na mashirika yenye majengo haya kinaweza kuandikwa kwenye mkataba wa pango. Mpangaji afanye biashara yake, auze nguo, auze simu, ahubiri. Asivunje jukwaa wala kuziba roshani. Na walau jioni moja kila wiki ukumbi uwe wazi kwa vikundi vya mji kwa ada ndogo: ngoma, maigizo, kwaya, mashairi, mijadala ya wanafunzi. Gharama ya umeme na usafi wa jioni hiyo ikatwe kwenye kodi, mpangaji asipate hasara. Mikataba huandikwa upya kila inapokwisha muda wake, basi kifungu hicho kiingizwe sasa, kabla reli haijafika na bei ya viwanja haijawa ndiyo hoja pekee inayosikilizwa mezani.