Mtungi ulio juu ya saa

Sebuleni kwa shangazi kuna saa ya ukutani ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, kubwa kama sinia la pilau. Kileleni ina kimtungi chenye mfuniko, na mashada ya majani ya mti wa mloreli yanateremka kutoka kwenye vishikio vyake. Shangazi hukiita birika. Sijathubutu kumwambia kuwa ule ni mtungi wa majivu ya maiti.

Asili ya mtindo wa saa hiyo ni Paris, miaka ya 1760 na 1770. Herculaneum na Pompeii, miji ya Kirumi iliyofunikwa na volkano, zilikuwa zimeanza kufukuliwa, 1738 na 1748, na wenye pesa Ulaya wakapagawa na mambo ya kale. Makombe ya baharini na mikunjo ya mtindo wa rococo yakaonekana yamepitwa; wasubu shaba kama Robert Osmond wakaleta vichwa vya simba na vya kondoo dume, na huo mtungi.

Wapo wanaosema hayo ni mapambo tu. Mimi nakataa. Warumi walitia majivu ya wafu wao mitungini, na majani ya mloreli waliwavika washindi. Vitundike vyote viwili juu ya akrabu zinazozunguka: shinda utakavyo, hesabu inaendelea. Bwana mkubwa wa Paris aliyeinua macho kuangalia kama wakati wa chakula umefika alikuwa akisomewa talakini angali hai. Na nadhani aliipenda, maana kifo kilichopambwa vizuri hakitishi.

Kifo chenyewe kilikuwa karakanani. Dhahabu ilichanganywa na zebaki ikawa kama uji mzito, ikapakwa juu ya shaba, kisha ikatiwa motoni mpaka zebaki ipae kwa mvuke na dhahabu ibaki imeshika. Mvuke huo aliuvuta mpakaji. Mikono ikaanza kumtetemeka, meno yakalegea, na wengi wao hawakuuona uzee. Kwenye uso wa saa, kwa kawaida, utasoma jina la fundi wa mitambo. Simba amechongwa, kondoo amechongwa, hata Apollo, mungu wa kale wa Wagiriki na Warumi, na miale yake ya jua. Mpakaji hayumo.

Juzi betri ya saa ya shangazi iliisha. Akaishusha, akaufuta mtungi vumbi kwa upindo wa kanga, akaniuliza kama dhahabu yake bado inang'aa. Nikamwambia inang'aa.