Taarifa zikivuja, mahakamani unakwenda kutafuta nini?

Mchuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kirumba anapigiwa simu saa 2 asubuhi. Anayepiga anamtajia majina yake matatu, tawi alikofungulia akaunti na salio la jana, kisha anamwomba "ahakiki" namba ya siri. Kufika mchana akaunti ni tupu. Akienda kulalamika kwa kampuni inayotunza akaunti hiyo anajibiwa kwamba namba ya siri katoa mwenyewe.

Kwa jibu hilo wengi huona kufungua kesi ni kujisumbua, na hawajakosea sana. Lazima uthibitishe kwamba taarifa zilitoka kwa kampuni hiyo, si kwingine, na kwamba hasara yako ilitokana nazo. Namba yako ya NIDA iko pia kwa msajili wa laini, kwenye SACCOS na kwa wakopeshaji wa mtandaoni. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliizuia kesi ya Lloyd dhidi ya Google iliyodai fidia kwa niaba ya mamilioni ya watu bila kuonyesha madhara ya kila mmoja. Marekani nako, baada ya uvujaji wa mwaka 2017 wa Equifax, kampuni ya taarifa za mikopo, fungu la wanaotaka fedha taslimu lilikuwa dola milioni 31. Kwa dola 125 kila mtu, lingewatosha watu 248,000. Walioathirika walikuwa takriban milioni 147.

Lakini hesabu hizo ni za fidia tu. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inairuhusu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kutoza faini isiyozidi shilingi milioni 100. Chukua kampuni yenye wateja 50,000: ni shilingi 2,000 kwa kichwa, haifiki hata bei ya kilo moja ya dagaa wazuri, na faini yenyewe haiingii mfukoni mwa mteja. Kampuni kubwa inaweza kuihesabu kama gharama ya kufanya biashara. Tume inaweza pia kuamuru fidia, na uchunguzi wake umewekewa siku 90, kwa hiyo malalamiko yaanzie huko. Ila kuna kitu wanaokejeli kesi hawakitazami: kumbukumbu za mfumo.

Nani alifungua faili la mteja, siku gani, saa ngapi, kwa jina gani la kuingilia? Majibu anayo kampuni peke yake. Amri ya XI ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inakuwezesha kuiomba mahakama iiamuru itoe nyaraka hizo. Tatizo ni kwamba mifumo mingi hufuta kumbukumbu za zamani kupisha mpya, pengine ndani ya wiki chache. Ndiyo maana barua ya kwanza ina uzito kuliko hati ya madai yenyewe. Ikisema "naomba msaada kuhusu tatizo langu" imekwisha. Iseme: hifadhini kumbukumbu zote za akaunti namba fulani, kuanzia tarehe hii hadi ile. Ipelekwe ndani ya wiki ya kwanza, na nakala yako irudi na mhuri wa kupokelewa.

Kumbukumbu zikija zinaweza kuonyesha "kaunta 2" tu, kwa sababu wahudumu watatu wanatumia nenosiri moja. Wakili wa kampuni atasema haijulikani nani alitazama. Sawa, lakini huo ndio uzembe wenyewe, na umeandikwa na mashine ya mdaiwa.

Kwa upande wako, usifute meseji wala kuuza simu. Picha ya skrini iliyozunguka WhatsApp mara tatu ni dhaifu, kwani kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaangalia kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi, na namba ya tapeli itume 15040.

Kuungana kunapunguza gharama za wakili, ila Amri ya I kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inadai kibali cha mahakama, maslahi yanayofanana, na tangazo kwa gharama za wadai. Wenzako wa soko moja waliopoteza viwango tofauti watabanwa hapo.

Aliyevujiwa jina bila kupoteza hata shilingi, ningemwambia aishie Tume. Aliyepoteza mtaji ana miaka 3 kwa madai ya uzembe, 6 kwa ya mkataba. Kumbukumbu za kaunta 2 hazitamsubiri muda wote huo.