Kupungua kilo chache ndo kufeli? Wanawake weusi Marekani na programu za kisukari

Marekani kuna ubishi hauishi, eti programu za kuzuia kisukari mitaani zitengenezwe maalum kwa wanawake weusi au iwe moja tu kwa wote. Mi naona pande zote mbili zinabishania juu ya mizani mbovu, ngoja nieleze.

Programu nyingi kule zimezaliwa na utafiti mmoja mkubwa uliotoka 2002, watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, waliofundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki hatari ya kuugua ikashuka asilimia 58, waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, asilimia 31. Wanaosema moja inatosha wameng'ang'ania hapo, manake kinga ilifanya kazi bila tofauti kubwa, uwe mweusi uwe mweupe, mwanaume au mwanamke. Ni kweli. Ila baadaye watu wakachambua kilo, ikaonekana wanawake weusi ndo waliopungua kidogo zaidi. Upande wa pili wakadaka hiyo fasta: si mnaona, haiwafai!

Tulieni kwanza. Kama kilo zimepungua kidogo na kinga imeshika vilevile, basi kilo peke yake haitoshi kumpima mtu. Lakini Medicare, ile bima ya serikali ambayo wengi wake ni wazee, ilipoanza kulipia programu hizi 2018, sehemu ya malipo ikaifunga kwenye mshiriki kupungua asilimia 5 ya uzito. Sasa chukulia kikundi cha kanisa chenye kina mama weusi watupu, jasho lilelile, hela pungufu. Halafu tunashangaa vikundi vya hivyo vinakufa. CDC, shirika la serikali la afya ya umma linaloidhinisha programu hizi, angalau wamelegeza masharti yao, siku hizi wanakubali pia kushuka kwa HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, na kwangu hilo lina uzito kuliko kubadilisha picha kwenye vipeperushi.

Hii haimaanishi wanaotaka programu maalum wanapiga kelele za bure. Chukua nywele tu. Utafiti wa North Carolina wa 2012, wanawake weusi 103, karibu wanne kwa kumi walisema kuna wakati wanakwepa mazoezi kisa nywele. Mwanaume anayepanga ratiba ofisini hawezi kuwaza hilo hata kidogo (na mimi nisingewaza, dada yangu ndo alinifungua macho), mtu kakaa saluni masaa manne Ijumaa, kalipa hela ya maana, Jumatatu unamwambia atoe jasho mpaka kichwani?

Tatizo la upande huu ni kwamba "mweusi" wanamchukulia kama mtu mmoja. Mama aliyetoka Bukavu kule Congo akahamishiwa Kentucky anapika bugali na sombe (ugali na kisamvu), unampa kitabu kinachomfundisha kupunguza mafuta kwenye mkate wa mahindi na kuku wa kukaanga wa Kusini mwa Marekani, atakisoma wa nini? Darasa likiwekwa kanisani, Msomali wa Minneapolis ndo haji kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa vitabu waulizwe wenyewe, nani anapika nyumbani, nani yuko zamu ya usiku, nani ana wajukuu. Na pawepo mtu wa kuangalia watoto, manake bibi anayelea wajukuu watatu saa kumi na mbili jioni haji, hata darasa liwe bure.