Wanawake wapewe vilima vyote vinne, au waendelee kungoja?

Mwishoni mwa Desemba 2024, Selina Freitag wa Ujerumani, mrukaji katika mchezo wa kuruka kwa ski kutoka kwenye vilima vya theluji, aliongoza raundi ya mchujo ya wanawake kule Garmisch-Partenkirchen. Akakabidhiwa mfuko wenye sabuni ya maji ya kuogea, shampuu na taulo nne za mikono. Mwanamume anayeongoza mchujo kwenye kilima hicho hicho hulipwa takriban euro 3,000. Habari ikasambaa, watu wakakasirika, na wana haki.

Mimi taulo zile hazinikeri sana. Zawadi mbovu hurekebishwa kwa kikao kimoja na hundi moja. Linalonikeri ni jambo ambalo halikupigiwa kelele kiasi hicho: Freitag na wenzake walikuwa kwenye ziara ya vilima viwili, wanaume wakiwa kwenye ziara ya vilima vinne, na wengi wakazungumza kana kwamba wanawake wamepewa nusu ya mkate na nusu nyingine iko njiani. Mchezo huu haugawanyiki hivyo.

Kwa asiyeufuatilia, mambo yako hivi. Mashindano ya Vilima Vinne, Wajerumani wanayaita Vierschanzentournee, yalifanyika mara ya kwanza Januari 1953 na Mwaustria Sepp Bradl akatwaa ubingwa. Yanaanzia Oberstdorf mwishoni mwa Desemba, yanafika Garmisch-Partenkirchen siku ya Mwaka Mpya, yanavuka mpaka hadi Innsbruck nchini Austria, na kumalizikia Bischofshofen tarehe 6 Januari. Bingwa hukabidhiwa Tai wa Dhahabu. Hatafutwi kwa kuhesabu nafasi alizoshika kila kituo. Zinajumlishwa alama za miruko yote minane. Kila mita ina thamani ya alama 1.8, majaji watano wanapima mtindo wa kuruka na kutua, kisha upepo na sehemu ya kuanzia vinafidiwa kwa hesabu. Ukiharibu mruko mmoja tu, hakuna mechi ya marudiano.

Na vilima vyenyewe havifanani hata kidogo. Oberstdorf ni usiku, taa kali na umati mkubwa. Garmisch ina jukwaa lililojengwa upya mwaka 2007, limechomoza hewani juu ya bonde kama halina nguzo. Bischofshofen ina njia ndefu ya kuteremkia iliyolala mno, na mwenye papara huchomoka mapema, akakosa nguvu na kuporomoka juu juu ya kilima. Lakini kilima ninachotaka kukikazia ni cha tatu, Bergisel, hapo Innsbruck. Ndicho kidogo kuliko vyote vinne. Mnara wake ulisanifiwa na Zaha Hadid, na mrukaji aliyekaa kwenye boriti ya kuanzia anauona mji mzima chini ya miguu yake, pamoja na makaburi ya Wilten. Upepo wa hapo hauna adabu. Unashuka kutoka Alpi, unageuka ghafla, na mara mbili, mwaka 2008 na mwaka 2022, waandaaji walisalimu amri na kulihamishia shindano Bischofshofen.

Innsbruck ndipo hesabu za watu huvurugika. Januari 2018 Mjerumani Richard Freitag alifika pale akiwa wa pili kwenye msimamo, akaanguka wakati wa kutua, ziara yake ikaishia hapo. Ujerumani haijasahau kwamba bingwa wake wa mwisho kwa miaka mingi alikuwa Sven Hannawald, aliyeshinda vituo vyote vinne msimu wa 2001/02, mtu wa kwanza kufanya hivyo katika historia.

Sasa angalia msimu wa 2023/24. Andreas Wellinger alishinda Oberstdorf, na baada ya Garmisch bado alikuwa akiongoza msimamo wa jumla. Nyuma yake alikuwepo Mjapani Ryoyu Kobayashi. Ziara ikaingia Austria, Kobayashi akampita pale Innsbruck na hakurudi nyuma tena. Alimaliza wa pili Oberstdorf, wa pili Garmisch, wa pili Innsbruck, wa pili Bischofshofen, na akaondoka na Tai wa Dhahabu bila kushinda kituo hata kimoja. Washindi wa vituo walikuwa watu wanne tofauti. Hakuna aliyelalamika kwamba ubingwa umekwenda kwa asiyestahili, kwa sababu kila mtu aliona ni nani aliyeweza kuruka vizuri popote alipowekwa.

Kata ziara ile katikati, iishie Garmisch, na bingwa ni Wellinger. Ni mrukaji wa hali ya juu, lakini ni jibu la swali jingine.

Wanawake walipewa ziara iliyokatwa hivyo hivyo. Msimu huo huo wa 2023/24 ndipo ilipoanza ile iitwayo Two Nights Tour: Garmisch-Partenkirchen na Oberstdorf, miruko minne, basi. Vituo vyote viwili viko Ujerumani, vyote ni vilima vikubwa vya kisasa, na havina ule mtihani wa Innsbruck wala ule wa Bischofshofen. Mwenye wiki nzuri anashinda. Hilo si kosa la warukaji, ni umbo la shindano lenyewe.

Upande wa pili una hoja zake, na baadhi ni nzito kuliko wanaharakati wanavyotaka kukubali.

Ya kwanza ni taa. Bergisel, tofauti na Oberstdorf, imeendesha mashindano yake kwa miaka yote hii mchana, kwa kuwa haikuwa na taa za kurukia usiku. Siku ya Januari kwenye Alpi ni fupi. Wanaume wakianza saa saba na nusu mchana, mazoezi, raundi mbili na dharura za upepo vinakula mwanga wote uliobaki. Kuwaingiza wanawake ndani ya ratiba hiyo kunataka ama taa, ambazo ni mradi wa mamilioni ya euro kwenye kilima kilicho juu ya mji wenye wakazi wanaouliza nani atalipa, ama siku nyingine ya ziada katika kalenda iliyobana. Anayesema waandaaji hawataki tu, ajaribu kwanza kupanga siku ile saa kwa saa.

Ya pili ni wingi wa washindani. Wanaume huingia hamsini, wanapangwa jozi ishirini na tano, mshindi wa kila jozi anapita pamoja na washindwa watano wenye alama bora. Mfumo huo wa mtoano ulianza msimu wa 1996/97 na watazamaji wameuzoea. Kwa wanawake, pengo kati ya anayeongoza na aliye nafasi ya thelathini ni kubwa zaidi, na mataifa yenye timu kamili yanahesabika kwa vidole. Ukiwapangia jozi ishirini na tano utapata mapambano mengi ambayo mshindi wake anajulikana kabla ya kukaa kwenye boriti.

Ya tatu ni magoti, na hii ndiyo inayonifanya nisite. Kano za ndani za goti hukatika mno katika mchezo huu kwa wanawake. Eva Pinkelnig, aliyekuwa bingwa wa Kombe la Dunia msimu wa 2022/23, alikatika goti kiangazi cha 2024 akakosa msimu mzima. Wanawake kwa kawaida huanzia juu zaidi kuliko wanaume ili wapate mwendo wa kufika mbali, na mwendo huo huo wanautua nao. Kuwaongezea vituo viwili vigumu ndani ya wiki moja si jambo la kupigia kura kwa hisia.

Hoja ya taa ninaikubali, maana ni ya kweli na ina dawa. Hoja ya wingi nimeisikia mahali pengine. Mwaka 2006 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa kuwaingiza wanawake kwenye michezo ya Vancouver 2010, na moja ya sababu ilikuwa hii hii, kwamba mchezo haujakomaa na washindani ni wachache. Warukaji wakaenda mahakamani Kanada. Jaji akakubali kwamba kuna ubaguzi, lakini akasema sheria haimpi uwezo wa kuwaamuru waandaaji. Wakati huo Mmarekani Lindsey Van ndiye aliyekuwa ameshikilia rekodi ya kilima kidogo cha Whistler, kile kile cha Olimpiki, akiwa mbele ya wanaume. Hata hivyo hakuruhusiwa kuruka kwenye Olimpiki hiyo.

Halafu tazama kilichofuata mlango ulipofunguliwa. Kombe la Dunia la wanawake lilianza msimu wa 2011/12. Sochi 2014 wakapata medali yao ya kwanza ya Olimpiki, akaichukua Mjerumani Carina Vogt. Machi 2021 wakaruka kwa mara ya kwanza ubingwa wa dunia kwenye kilima kikubwa, na kilima chenyewe kilikuwa kile cha Oberstdorf ambako wanaume hufungulia ziara yao. Mnorwei Maren Lundby akashinda. Machi 2023 wakaruhusiwa kwenye kilima cha kupaa cha Vikersund nchini Norwei, yaani kile kikubwa kuliko vilima vya kawaida na vikubwa, tena kumi na watano tu, kwa tahadhari. Miaka miwili baadaye, hapo hapo, Mslovenia Nika Prevc akafika mita 236. Walioogopa 2023 hawakuwa wapumbavu, ila ngazi hii yote ilipandwa kwa mtindo mmoja: jukwaa lilitangulia, ubora ukafuata. Sijui mchezo ambao wasichana wa kijiji fulani walianza kujaa kilimani wakisubiri shindano ambalo halipo.

Nisizidishe lakini. Zaidi ya mwongo mmoja tangu Sochi, bado ni Norwei, Slovenia, Austria, Ujerumani, Japani, Kanada na wachache wengine wanaogawana medali. Jukwaa pekee halikuleta mataifa thelathini. Kwa hiyo anayeahidi kwamba vilima vinne vitamaliza tatizo hilo anauza ndoto. Vitampata bingwa wa haki kutoka kwa waliopo, na kwangu hiyo inatosha kuwa sababu.

Kuhusu magoti, mfano wa karibu upo Norwei. Ziara yao ya Raw Air, iliyoanza 2017 kwa wanaume na kuwachukua wanawake 2019, ni kali kuliko hii ya Alpi: siku mfululizo, na hata mchujo unahesabiwa kwenye jumla. Wanawake wameimudu. Hilo halithibitishi kwamba ni salama, linaonyesha tu kwamba idadi ya vituo siyo mahali pa kuanzia kutafuta ulinzi. Ulinzi uko kwa majaji wanaoamua mrukaji aanzie wapi, na kwenye ujasiri wa kushusha sehemu ya kuanzia hata kama watazamaji watapata mita pungufu. Mtu akikatika goti Garmisch kwa sababu alianzishwa juu mno, haimsaidii kitu kwamba hakupelekwa Bischofshofen.

Kuna hoja nyingine ambayo hutolewa na wachache, na mimi naiona bora kuliko zote za upande wa kungoja: wanawake wajenge chao. Walishaanza. Msimu wa 2021/22 Ljubno, kijiji cha Slovenia kwenye bonde la mto Savinja, kiliandaa ziara ya Mwaka Mpya ya wanawake, zawadi ikiwa bundi wa dhahabu. Nika Križnar akamchukua bundi nyumbani kwao. Msimu uliofuata Villach ya Austria ikaongezwa na Pinkelnig akashinda. Pale wanawake hawakuwa utangulizi wa mtu yeyote. Watu walikuja kuwatazama wao, na kijiji kizima kilikuwa chao kwa siku zile. Kisha Ujerumani ikaja na vilima vyake viwili, kalenda ikahama, na bundi akapotea. Slovenia, nchi iliyozalisha Prevc na Križnar, ikapoteza Mwaka Mpya wake. Anayepigania usawa akumbuke kwamba usawa huu ulikuwa na aliyelipa.

Hata hivyo Ljubno na Villach ni vilima vya kawaida, vifupi, na vinafanana. Bundi alikuwa na utu wake, ila hakuwa na mtihani wa Tai. Ndiyo maana, baada ya kupima, nasimama na vilima vinne, na vyote kwa pamoja, siyo kuongeza cha tatu mwaka huu na cha nne tukijaliwa. Ljubno irudishiwe nafasi nyingine ya heshima katika msimu, wikendi isiyogongana na kitu.

Ila wasinakili kila kitu cha wanaume. Mtoano waachane nao kwa sasa. Washindani arobaini, raundi ya kwanza ya kawaida, thelathini bora wanarudi, alama zinajumlishwa. Innsbruck wanawake waruke siku tofauti na wanaume ikiwa taa hazijatosha, hata asubuhi, maana kamera ni zile zile na njia ya barafu imeshatengenezwa. Zawadi ya jumla ilingane na ile ya wanaume, ambayo ni faranga 100,000 za Uswisi. Na upepo wa Bergisel ukiwavunjia siku, wahamie Bischofshofen. Kilima kile kimeshaandaa mashindano mawili mfululizo, mara mbili, na hakuna aliyesema ziara ya mwaka ule ilikuwa batili.