Dozi ya vinkristini kwa watoto wetu: iongezwe au iachwe ilivyo?

Mwambie mtoto aliyechomwa vinkristini, dawa ya saratani, kwa wiki kadhaa atembee kwa visigino, vidole vya miguu vikiwa juu. Wapo wanaoshindwa. Mguu unaning'inia kwa mbele kama kandambili iliyokatika kamba, na mtoto anajikwaa hata sakafuni pasipo na kitu. Mwingine hawezi tena kufunga vifungo vya shati. Wakati huohuo uvimbe wa taya uliomleta hospitali umenywea kabisa. Mambo yote mawili, kupona na kulemaa, yanatoka kwenye uzi mmoja.

Uzi huo unaitwa mikrotubuli. Ni bomba jembamba la protini iitwayo tubulini, upana wake kama nanomita 25, na halitulii: upande mmoja linajengwa, ghafla linabomoka, linajengwa tena. Wanasayansi Mitchison na Kirschner walilieleza jambo hilo mwaka 1984. Seli inapotaka kugawanyika, mabomba hayo huzikamata kromosomu na kuzivuta kila kundi upande wake, kisha pete ya nyuzi nyingine, za aktini, hubana kiuno cha seli mpaka zipatikane mbili. Vinkristini, dawa itokanayo na mmea wa maua yenye rangi ya waridi, wenye asili ya Madagaska, ambao wengi wetu tumeuona umepandwa mbele ya nyumba, hung'ang'ania tubulini na kuzuia uzi usijengeke. Seli ya saratani hukwama katikati ya kugawanyika, ikafa.

Neva ya mguu haigawanyiki, lakini nayo inaishi kwa nyuzi hizohizo. Kiini chake kipo karibu na uti wa mgongo, ncha yake ipo kwenye kidole cha mguu, na mahitaji yote ya njiani hubebwa juu ya mikrotubuli kama mizigo juu ya reli. Reli ikiharibika, kituo cha mbali ndicho kinachokosa chakula kwanza. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni. Neva za utumbo nazo huathirika, mtoto akafunga choo siku nyingi.

Sasa kuna hoja nzito inayotugusa moja kwa moja. Utafiti uliofanyika kwa watoto wenye saratani magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta madhara haya ya neva ni machache sana kwao. Wengi wao wana kimeng'enya CYP3A5 kinachofanya kazi, ambacho huivunja dawa hii mwilini. Wazungu wengi hawana. Dozi nyingi tunazozifuata zilipangwa kwa watoto wa Ulaya na Marekani. Basi wapo wanaouliza: je, hatuwapi watoto wetu dawa pungufu, halafu tunashangaa saratani inaporudi? Swali hilo ni la haki. Limfoma ya Burkitt, saratani ambayo mara nyingi huvimbisha taya la mtoto, aliyoieleza daktari wa upasuaji Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, bado inatibiwa kwa vinkristini pamoja na dawa nyingine. Tena dawa hii haishushi sana chembe za damu, na hilo ni jambo kubwa mahali ambapo chupa moja ya damu inawazungusha ndugu mji mzima.

Lakini utafiti wa Malawi wa mwaka 2010, kwa watoto wenye saratani ya figo ya Wilms, ulionyesha kinyume: waliokuwa na utapiamlo waliiondoa vinkristini mwilini polepole zaidi, kwa hiyo ilikaa ndani yao muda mrefu. Vilevile mtoto mwenye VVU anayetumia ritonavir, au anayepewa dawa ya fangasi kama itrakonazoli, vimeng'enya vinavyoivunja vinkristini vimezuiwa. Huyo ukimwongezea dozi kwa kuwa tu ni Mwafrika, unaweza kumlemaza.

Hapo ndipo nisipokubaliana na wanaotaka dozi ya bara zima. Mtoto wa Eldoret aliyeshiba na mtoto wa Malawi aliyekonda mbavu zikahesabika wote ni Waafrika, ila dawa haioni bara, inaona ini na lishe. Wala sikubaliani na wanaosema tusiguse kitu kwa kuogopa ganzi. Saratani iliyorudi ni mbaya kuliko mguu unaoning'inia, na ganzi hiyo kwa watoto wengi hupungua dawa ikisimama, ingawa wengine hubaki nayo miaka.

Ningependa dozi iongezwe ndani ya majaribio yanayopima kiasi cha dawa kwenye damu, mtoto akiwa amelishwa kwanza na dawa zake nyingine zimekaguliwa. Na kabla ya kila sindano, muuguzi amshushe kitandani, amgonge kidogo nyuma ya kifundo cha mguu aone kama unaruka, kisha amwambie atembee kwa visigino mpaka mlangoni na kurudi. Hapo hahitaji mashine wala maabara, ila dakika mbili tu na nafasi ya kutosha katikati ya vitanda.