Uliza nanomita kabla ya kulipia leza ya chunusi

Mwenye ngozi nyeusi asikubali kupigwa leza ya chunusi kabla ya kujibiwa swali moja: mashine hii ni ya nanomita ngapi, yaani mawimbi ya mwanga wake yana urefu gani? (Namba ndogo ni mawimbi mafupi.) Kliniki isiyojua jibu haifai kuugusa uso wa mtu.

Tatizo ni melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake. Hufyonza mwanga wa mawimbi mafupi kabla haujafika kwenye tezi za mafuta, chunusi zinakoanzia. Mwanga huo hugeuka joto juu juu ya ngozi na kuunguza: malengelenge kwanza, kisha madoa meusi ya kukaa miezi. Kwa hiyo leza ya nanomita 532 si ya ngozi zetu, wala mashine za IPL, ambazo hata si leza bali ni taa za mawimbi mchanganyiko. Taa ya bluu, nanomita 415 hivi, huua bakteria wa chunusi, ila mafuta hayapungui, na bakteria hurudi ukiacha. Tena mwanga wa bluu wenyewe huweza kuongeza madoa.

Inayonipa matumaini ni leza ya nanomita 1726. Mawimbi hayo hufyonzwa na mafuta ya tezi, na melanini karibu huyaacha yapite. Mashine ya AviClear, inayotumia mawimbi hayo, iliruhusiwa Marekani mwaka 2022: vipindi 3 vya nusu saa hivi, vikipishana takriban mwezi. Chunusi huweza kuzidi baada ya kipindi cha kwanza, na nafuu huja polepole kwa miezi.

Hata hivyo, anza na dawa za kupaka. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 asubuhi (hubabua rangi ya taulo, tumia nyeupe) na losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi. Usiku adapalini ya asilimia 0.1, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, si kwenye kipele kimoja kimoja. Mwanzoni pakaa usiku mmoja, ruka mmoja. Mjamzito asitumie adapalini. Vumilia wiki 12 kabla ya kusema imeshindwa.

Na kama umekuwa ukipaka mkorogo wenye steroidi, huenda huo ndio unaokutoa chunusi. Leza hapo ni kutupa pesa. Muone daktari wa ngozi akuachishe, maana ukikatisha ghafla uso huweza kulipuka.

Ukifikia leza, dai wajaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya, kisha usubiri wiki kadhaa, kwa sababu madoa hayatokei siku hiyohiyo.